Saa Moja na Nusu Angani: Umbali wa Visiwa Viwili na Hukumu ya Msafiri

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi na akazitiisha bahari ili vyombo vipite kwa amri Yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaowafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo, miongoni mwa mambo yanayosemwa sana zama hizi ni kwamba ruhusa ya kupunguza Sala iliwekwa kwa ajili ya watu wa ngamia na majahazi, waliokaa njiani siku na wiki. Anayepanda ndege, huambiwa, hukaa kitini, huletewa chakula, na kabla hajasinzia amefika. Je, huyu naye ni msafiri wa kupunguza rakaa nne kuwa mbili? Wengine hulisema hili kwa kuichunga Sala, na wengine kwa kudhani kwamba fiqhi ya wazee wetu haikuufikiria mwendo wa kasi. Inshaallah tutalitazama jambo hili kupitia historia ya visiwa viwili vilivyo mbali na dunia, ambavyo vina Waislamu, na ambavyo umbali baina yao ulikuwa ni siku nyingi za bahari kisha ukawa saa moja na nusu ya anga.

VISIWA VYENYEWE

Visiwa hivyo ni Cocos, ambavyo pia huitwa Keeling, na Kisiwa cha Christmas. Vyote vimo upande wa mashariki wa Bahari ya Hindi, kusini ya nchi ya Indonesia, na vyote leo vimo chini ya utawala wa Australia. Cocos ni mkusanyiko wa visiwa 27 vidogo vya matumbawe, vilivyo chini sana, vimezunguka maji ya ndani yenye kina kidogo. Kati ya hivyo 27, vinavyokaliwa na watu ni viwili tu: Home Island, wanakokaa Waislamu wenye asili ya Kimalay, na West Island, ulipo uwanja wa ndege. Watu wote wa Cocos ni kiasi cha mia sita, na walio wengi ni Waislamu wa madhehebu ya Imamu Shafi (R.A.).

Kisiwa cha Christmas ni kimoja, kina ukubwa wa kilomita za mraba 135, ni cha miinuko na msitu, na pwani yake nyingi ni majabali. Huko wamechanganyika Wachina, Wamalay na watu wenye asili ya Ulaya. Waislamu wake wengi hukaa ufukweni, pale panapoitwa Flying Fish Cove, na msikiti wao uko hapo hapo karibu na bahari.

Kutoka Kisiwa cha Christmas hadi Java ni takriban kilomita 350, na hadi mji wa Perth katika bara la Australia ni takriban kilomita 2,600. Cocos ni mbali zaidi na mji huo, zaidi ya kilomita 2,700. Ama baina ya visiwa hivi viwili wenyewe kwa wenyewe, mstari ulionyooka ni takriban kilomita 980, nao wote ni bahari tupu. Hakuna kisiwa cha kupumzikia katikati.

BAHARIA HUPIMA KWA SAA, FAQIHI HUPIMA KWA FARSAKHI

Kabla hatujaendelea, ni vyema tukumbushane kwamba watu wa kale walikuwa na njia mbili za kuutaja umbali. Njia ya kwanza ni ya mabaharia. Ahmad bin Majid, baharia mkubwa wa Kiarabu aliyeandika katika karne ya 15 miladia, yeye na wenzake walihesabu njia ya bahari kwa "zam". Zam moja ni mwendo wa saa tatu wa chombo, na mchana na usiku wake ni zam nane. Kwa hiyo bandari fulani huwa ni zam kadhaa kutoka bandari fulani. Kipimo hiki kinamfaa nahodha, kwa sababu yeye hujali atafika lini na maji ya kunywa yatamtosha au la. Lakini ni kipimo kinachofuata upepo. Upepo ukiwa mzuri, njia huwa fupi, na ukishuka, njia ile ile huwa ndefu.

Njia ya pili ni ya wanavyuoni wa fiqhi wa madhehebu yetu. Wao walisema kwamba safari ndefu ni burdi nne, ambazo ni farsakhi 16, ambazo ni maili 48 za Kihashimi. Imepokewa kwamba Ibn Umar na Ibn Abbas (R.A.) walikuwa wakipunguza Sala na kufungua Saumu katika burdi nne. Wanavyuoni wakakielezea kiasi hicho pia kwa marhala mbili, yaani mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo mizito. Waliofanya hesabu kwa kilomita katika zama zetu wametofautiana kidogo kwa kutofautiana kwao katika urefu wa dhiraa. Wengi wao wako baina ya kilomita 80 na kidogo na karibu 90.

Tazama basi tofauti iliyopo. Baharia ameifunga njia na saa, na faqihi ameifunga na masafa. Na hata pale faqihi alipotaja siku, alizitaja kwa mwendo maalumu wa mizigo mizito, ili siku hizo ziwe ni kipimo cha ardhi kisichobadilika. Kwa hesabu hiyo, kutoka Cocos hadi Kisiwa cha Christmas ni zaidi ya marhala 20. Yaani ni masafa ya kupunguza Sala mara kumi na moja au zaidi, kwa yeyote na kwa chombo chochote.

WATU WALIOPELEKWA HUKO

Visiwa vya Cocos vilijulikana kwa Waingereza tangu mwaka 1609, lakini havikuwa na watu mpaka mwaka 1826. Mwaka huo Mwingereza Alexander Hare, ambaye kabla yake alikuwa na madaraka na mashamba huko Banjarmasin katika kisiwa cha Borneo, alikuja na kundi la watumwa wake, wake kwa waume, kutoka visiwa vya Kimalay. Mwaka uliofuata, 1827, akafika John Clunies-Ross pamoja na familia yake kuja kukaa. Wawili hao wakagombana, na baada ya miaka michache Hare akaondoka na kuviacha visiwa na watu wake mikononi mwa Clunies-Ross. Watu wakawekwa katika kazi ya minazi, kukusanya nazi na kukausha mbata. Mwaka 1857 Uingereza ikavitangaza visiwa kuwa vyake, na mwaka 1886 Malkia Victoria akaipa familia ya Clunies-Ross ardhi yote ya visiwa milele.

Hapa tunaikuta mas-ala ambayo wanafunzi wengi huipita haraka katika vitabu. Wanavyuoni wetu wamesema kwamba mtumwa anayemfuata bwana wake, au askari anayemfuata amiri wake, naye hajui anakopelekwa, hapunguzi Sala mwanzo wa njia, kwa sababu sharti ya safari ni kukusudia mahali maalumu. Wakishavuka marhala mbili, hapo hupunguza, kwani urefu wa safari umeshathibiti. Msomaji wa leo anaweza kuona kwamba mas-ala hii imepitwa na wakati. Lakini watu waliotolewa Borneo na Java na kupakiwa merikebuni kwenda kwenye visiwa visivyo na watu ndio hasa waliokuwa wakiihitaji. Fiqhi ilikwisha kuwafikiria kwamba wao nao wana Sala, na wana haki ya ruhusa ya Mola wao ijapokuwa hawana haki ya kuchagua njia.

Kwa watu hawa umbali ulikuwa ni ukuta. Kwa muda mrefu walilipwa kwa vipande maalumu vya fedha vya familia ile, ambavyo havikukubalika popote ila katika duka la familia ile ile. Na aliyeondoka visiwani hakuruhusiwa kurudi. Mtu akitaka kwenda kumuona mgonjwa wake au kutafuta kazi kwengine, ilimbidi aage kuaga kwa maisha. Pamoja na hayo, waliihifadhi dini yao: Sala, Saumu, maziko, maulidi na ndoa, kizazi baada ya kizazi, mbali na kila chuo kikubwa cha elimu.

KUTOKA TANGA HADI INJINI

Mawasiliano ya kwanza baina ya visiwa hivi viwili yalitokana na haja ya mbao. Cocos ina minazi tu, na Kisiwa cha Christmas kina msitu mkubwa. Mwaka 1888 Uingereza ilipokitangaza Kisiwa cha Christmas kuwa chake, familia ya Clunies-Ross ikaweka makazi ya kwanza pale Flying Fish Cove ili kupeleka mbao na mahitaji Cocos. Kisha ikagunduliwa fosfeti, madini yanayotumika kwa mbolea. Mwaka 1891 ikatolewa haki ya kuchimba, na miaka michache baadaye wakaletwa vibarua wengi kutoka Uchina na nchi za Kimalay.

Na tuikadirie safari ya zama hizo. Kilomita 980 ni maili za baharini 530 hivi. Jahazi likienda maili tano kwa saa bila kusimama, litahitaji saa 106, yaani siku nne na saa kumi. Hayo ni ikiwa upepo unakubali. Sehemu ile ya bahari, kwa muda mwingi wa mwaka, upepo wake hutoka kusini-mashariki. Basi anayetoka Kisiwa cha Christmas kwenda Cocos upepo humsukuma, na anayekwenda upande wa pili humkabili, hulazimika kupindapinda, na siku zake huongezeka. Njia ni moja, masafa ni yale yale, lakini kwa hesabu ya zam kwenda si sawa na kurudi. Meli ya mvuke yenye mwendo wa maili kumi kwa saa iliipunguza safari hiyo ikawa siku mbili na saa chache.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia watu wa Cocos walifika karibu 1,800, na visiwa vikawa haviwatoshi. Wengi wakahama mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Sehemu kubwa ilikwenda Borneo ya Kaskazini, ambayo leo ni Sabah katika Malaysia, na wengine wakaenda Kisiwa cha Christmas kufanya kazi ya fosfeti. Ndipo ikawa jamaa moja imegawanyika: ndugu huku na ndugu kule, na baina yao bahari ya siku nne.

Uwanja wa ndege wa Cocos ulijengwa na majeshi ya Uingereza mwaka 1945, karibu na mwisho wa vita. Mwaka 1952 shirika la Qantas likaanza kuutumia kama kituo cha njiani katika safari za Australia kwenda Afrika Kusini kupitia Mauritius, kwa sababu ndege za wakati ule hazikuweza kuivuka Bahari ya Hindi kwa mruko mmoja. Cocos ilihamishiwa Australia mwaka 1955, na Kisiwa cha Christmas mwaka 1958. Lakini Kisiwa cha Christmas hakikuwa na uwanja wa ndege mpaka mwaka 1974. Tangu hapo ndege imeweza kutoka kisiwa kimoja na kutua kingine. Zile siku nne zikawa saa moja na nusu hivi.

Mwaka huo huo wa 1974 ujumbe wa Umoja wa Mataifa ulikwenda Cocos na kutazama hali ya watu. Mwaka 1978 serikali ya Australia ikainunua sehemu kubwa ya ardhi kutoka kwa familia ya Clunies-Ross kwa dola za Australia milioni 6.25. Na tarehe 6 Aprili 1984 watu wa Cocos wakapiga kura juu ya mustakabali wao, na kura 229, ambazo ni nyingi mno kwa watu wachache kama wale, zikachagua kuungana na Australia. Ukuta wa umbali, basi, ulibomolewa na mambo mawili: ndege iliyofupisha muda, na haki iliyomruhusu mtu kuondoka na kurudi. Bila ya hilo la pili, hilo la kwanza lisingewafaa kitu.

JE, WEPESI WA NDEGE UMEONDOA RUHUSA?

Sasa turudi kwenye swali letu. Imamu Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 miladia, ameeleza katika Minhaj yake kwamba bahari ni kama nchi kavu katika masafa, na kwamba lau mtu ataivuka maili hizo baharini kwa muda wa saa moja, basi atapunguza. Alilisema hili zaidi ya miaka 600 kabla ya ndege ya kwanza kuruka. Katika zama zake hapakuwa na chombo cha kuvuka farsakhi 16 kwa saa moja. Lakini faqihi hafungwi na vyombo vya zama zake. Alitaka kubainisha hukumu imefungwa na nini, akapiga mfano wa kasi isiyokuwapo ili msomaji asibaki na shaka. Ndege itokayo Cocos huivuka masafa ya kupunguza Sala kwa takriban dakika kumi za mwanzo, na mfano wa Imamu umekuwa jambo la kila wiki.

Na kitabu hiki cha Minhaj kimesomeshwa katika nchi za Kimalay kama kilivyosomeshwa katika vyuo vya mwambao wetu. Sheikh wa Home Island na sheikh wa Unguja wanarejea kwenye chemchemi moja. Anayeruka kutoka Unguja mjini hadi Chake Chake, Pemba, kwa nusu saa, hukumu yake ni hiyo hiyo, kwa kuwa masafa hayo ya zaidi ya kilomita 100 yamevuka kiwango.

Madhehebu ya Hanafi, ambao kwao safari ni mwendo wa siku tatu, nao wamesema kwamba aliyefanya haraka akaikata njia ya siku tatu kwa siku mbili atapunguza, kwani kinachotazamwa ni njia yenyewe kwa mwendo wa kawaida. Ama Ibn Taymiyya aliona kwamba hakuna kiasi maalumu, na kwamba kila kinachoitwa safari katika desturi ya watu ni safari. Hata kwa kauli hiyo, nani atasema kwamba mwenye kuvuka bahari ya kilomita 980 hakusafiri?

Dalili iliyo wazi zaidi ni ile ya aya ya 101 ya Surat An-Nisaa. Aya imetaja kupunguza Sala pamoja na khofu ya adui. Ya'la bin Umayya akamuuliza Sayyidna Umar (R.A.): watu sasa wako katika amani, vipi ruhusa ibaki? Umar akamjibu kwamba yeye pia lilimshangaza jambo hilo, akamuuliza Mtume (S.A.W.), naye akambainishia kuwa hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa waja Wake, basi waipokee. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Khofu iliondoka na ruhusa ikabaki. Basi vipi tuiondoe leo kwa kuwa uchovu umepungua?

Wanavyuoni wa Usuli wametufafanulia kwamba mashaka ndiyo hekima ya ruhusa, na safari ndiyo sababu iliyofungwa nayo hukumu. Mashaka hayapimiki: huyu huchoka kwa hatua mia, na yule hachoki kwa siku nzima. Kibarua wa fosfeti aliyebeba mizigo juani tangu asubuhi alikuwa na taabu kuliko tajiri aliyekaa chumbani merikebuni, lakini kibarua alisali rakaa nne, kwa kuwa alikuwa mkaazi, na tajiri alisali mbili, kwa kuwa alikuwa msafiri. Lau hukumu ingefungwa na taabu, kila mtu angekuwa mufti wa nafsi yake.

MAS-ALA ZA NJIANI

Umbali huu una mas-ala zake, na tutazitaja zile zinazomhusu zaidi msafiri wa visiwa, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafi.

Ya kwanza: safari inaanza wapi? Mkaazi wa Home Island hana uwanja wa ndege kwake. Hupanda boti, akavuka maji ya ndani hadi West Island, kisha ndiyo akapanda ndege. Mwenye kutoka mji ulioshikana na bahari, safari yake huanza chombo kinapoondoka, hata kikiwa ni kidau cha kumpeleka kwenye jahazi kubwa. Kwa hiyo aliyekusudia Kisiwa cha Christmas, boti ikishaondoka Home Island, amekuwa msafiri, na akifika uwanjani West Island anaweza kupunguza na kukusanya. Ama mwenzake aliyekaa ubavuni mwake katika boti ile ile, naye anakwenda West Island kwa kazi yake na kurudi jioni, huyo atasali Sala kamili, kwani masafa yake ni mafupi. Wawili hao wamo katika boti moja, na kila mmoja ana hukumu yake kwa kukusudia kwake.

Ya pili: ipi bora, kupunguza au kutimiza? Safari ikifika marhala tatu, kupunguza ni bora, ili kutoka katika khilafu ya Imamu Abu Hanifa (R.A.), ambaye kwake kupunguza ni wajibu. Na hii ya kwetu ni zaidi ya marhala 20.

Ya tatu: ndege iliyochelewa. Visiwa hivi vina safari chache za ndege kwa wiki, na mara nyingine mawingu hushuka juu ya uwanja wa Kisiwa cha Christmas, ndege ikashindwa kutua na abiria wakabaki walipo. Aliyefika mahali akanuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, ruhusa yake imekatika. Vile vile anayejua kwa yakini kwamba hataondoka kabla ya siku hizo. Lakini anayetazamia kuondoka wakati wowote, leo au kesho, huyo hupunguza mpaka siku 18. Wanavyuoni wamemtaja katika mlango huu mtu wa merikebu anayengojea upepo. Anayengojea mawingu yafunguke ili ndege iruke ni ndugu yake wa karibu.

Ya nne: kukusanya Sala. Mruko wa saa moja na nusu mara nyingi haumalizi wakati wa Sala, isipokuwa Magharibi, ambayo wakati wake ni mfupi. Msafiri asiwe na haraka ya kusali kitini kwa ishara na hali anaweza kusali ardhini kabla au baada. Akihofia Magharibi, anuie ndani ya wakati wake kuichelewesha pamoja na Isha. Lakini azingatie kwamba sharti ya kukusanya kwa kuchelewesha ni safari iendelee mpaka Sala zote mbili zimalizike. Anayerudi kwao, ndege ikishamfikisha mjini kwake kabla hajasali, Magharibi yake imekuwa kadha, ingawa hana dhambi. Huyu ni muhimu asali uwanjani kabla ya kuondoka, ikiwa wakati umeingia.

Ya tano: Saumu. Aliyepambazukiwa na alfajiri akiwa mkaazi na amefunga, kisha akasafiri mchana, hafungui siku hiyo kwa kauli inayotegemewa kwetu. Imamu Ahmad ana riwaya inayoruhusu. Safari ya ndege mara nyingi huwa ni ya namna hii: mtu hula daku nyumbani, akaruka adhuhuri, akafika alasiri. Ni vyema wenye kudhani kwamba tiketi peke yake inafunguza Saumu walizingatie hili. Aliyeondoka mjini kwake kabla ya alfajiri ndiye mwenye ruhusa, na kufunga ni bora kwake ikiwa hakumdhuru.

Ya sita: saa na jua. Saa za Kisiwa cha Christmas ziko mbele ya za Cocos kwa nusu saa. Anayetoka Cocos saa sita mchana akaruka saa moja na nusu, atafika na saa za huko zinasema saa nane. Akirudi kwa kuondoka saa sita, atakuta saa za Cocos zinasema saa saba. Kwa mwenye kutazama saa tu, safari ya kwenda imemchukua saa mbili na ya kurudi saa moja. Sababu yake ni jua. Cocos iko karibu na nyuzi 97 mashariki na Kisiwa cha Christmas karibu na nyuzi 106, na kila nyuzi moja ni dakika nne za mwendo wa jua, kwa hivyo jua huchwa Kisiwa cha Christmas kiasi cha dakika 35 kabla ya Cocos. Mwenye Saumu anayeruka kuelekea magharibi, yaani kwenda Cocos, jua humrefukia. Akiondoka nusu saa kabla ya kuchwa, atakaa zaidi ya dakika 50 angani na bado analiona. Huyu hafungui kwa saa ya mji aliouacha, wala kwa saa ya mji aendako. Hufungua jua likishachwa kwa mujibu wa mahali alipo, na maadamu analiona dirishani, Saumu yake inaendelea.

HITIMISHO

Ndugu Waislamu, tumeona jinsi masafa ya kilomita 980 yalivyokuwa siku nne kwa tanga, siku mbili kwa mvuke, na saa moja na nusu kwa ndege. Bahari haikusogea hata shubiri moja, na hukumu nayo haikusogea. Wanavyuoni wetu walijua kwamba upepo hubadilika na vyombo hubadilika, wakaifunga ruhusa na kisichobadilika.

Basi tusiirudishe sadaka ya Mola wetu kwa hoja ya kwamba kiti cha ndege ni laini. Na tusiipanue kupita mipaka yake, tukaitumia pasipo masafa wala kusudio. Ndege ikikatiza juu ya bahari ile ambayo mababu wa watu wa Cocos walipitishwa bila ya kujua wanakopelekwa, na ndani yake mjukuu wao anakwenda kumzuru ndugu yake na kurudi atakapo, basi anazo neema mbili za kushukuru: njia iliyofupishwa, na rakaa mbili alizosamehewa.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wa nchi kavu, bahari na anga, na atufahamishe dini yetu. Wallahu a'lam.